Hans Nielsen Hauge, Mkulima wa Norwei

Kila mwaka sikukuu ya Pentekoste ifikapo, twasomewa kanisani habari za mitume, jinsi walivyojazwa Roho Mtakatifu huko Yerusalemu. Twasikia na kufurahi, lakini wengi hurudi nyumbani na maswali mawili mioyoni mwao. La kwanza ni hili: Je, kipawa hiki kilikuwa cha mitume peke yao, au cha wachungaji waliowekewa mikono, ama mkulima na mama wa nyumbani nao waweza kukipokea? La pili ni gumu zaidi: Mtu akisema kwamba Roho wa Mungu amemjia, tutajuaje kuwa ni kweli, wala hakudanganywa na moyo wake mwenyewe?

Maswali haya si mageni katika Kanisa. Yaliitikisa nchi nzima ya Kilutheri, yaani Norwei, kwa muda wa miaka mingi, kwa ajili ya mtu mmoja asiyekuwa na elimu kubwa wala cheo chochote. Jina lake Hans Nielsen Hauge. Twaandika hapa habari za maisha yake, ili walimu na wazee wa sharika wazisome, wazipime, na kupata msaada katika kazi yao.

1. Nyumba alimozaliwa

Hans Nielsen Hauge alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771, katika usharika wa Tune, kusini-mashariki ya Norwei, karibu na mto mkubwa uitwao Glomma. Hauge ni jina la shamba la wazazi wake, na kwa desturi ya nchi ile mtu huitwa kwa jina la shamba lake. Baba yake alikuwa Niels Mikkelsen, na mama yake Maria Olsdatter. Walikuwa wakulima, si maskini wa kuombaomba wala si matajiri, nao walimcha Mungu. Katika nyumba yao palikuwa na Biblia, Katekisimo ya Martin Luther, na kitabu cha maelezo ya Katekisimo cha Askofu Pontoppidan, kilichotolewa mwaka 1737, ambacho watoto wote wa nchi ile walijifunza kabla ya Kipaimara.

Hans alikuwa mtoto mwenye mikono ya ustadi. Alijua useremala, alifuga nyuki, na kila chombo kilichovunjika nyumbani aliweza kukitengeneza. Lakini moyoni alikuwa na hofu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, alizama katika mto Glomma, akatolewa majini akiwa hana fahamu. Akapona, ila tangu siku ile wazo la mauti halikumtoka. Alijua Katekisimo yote kwa moyo, alikwenda kanisani, aliomba asubuhi na jioni. Walakini alipojiuliza kama angalikufa siku ile angalikwenda wapi, hakuwa na jibu. Akakua hivi, kijana wa maneno machache, msomaji wa vitabu vya dini, na wenzake wakamwona kuwa mtu wa huzuni.

Tusilipite jambo hili upesi. Kijana huyu hakuwa mpagani. Alibatizwa, alifundishwa, alithibitishwa. Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Kilichokosekana ni kwamba lile alilolijua kwa akili lilikuwa halijawa uzima wake.

2. Siku ya tarehe 5 Aprili 1796

Siku mbili baada ya kutimiza miaka ishirini na mitano, Hans alikuwa akifanya kazi shambani kwa baba yake. Kama ilivyokuwa desturi yake, aliimba wimbo wa kanisa huku mikono ikitenda kazi. Ghafula moyo wake ukainuliwa kwa Mungu kwa namna asiyoweza kuieleza. Baadaye alipoandika habari za siku ile, alisema kwamba hakujua yaliyompata kwa muda, wala hakuweza kuyaandika yote. Ila aliyajua matokeo yake: alichukia dhambi kuliko zamani, alijaa upendo kwa Mungu na kwa wanadamu wote, Maandiko aliyoyasoma tangu utoto yakawa kama yamefunguliwa mbele ya macho yake, na moyoni mwake palikuwa na amri ya kulikiri jina la Bwana mbele ya watu.

Na tuangalie vizuri yasiyotukia siku ile. Hakupewa ufunuo mpya ulio kinyume cha Biblia. Hakuambiwa aanzishe kanisa jingine. Hakuanza kutabiri mwisho wa dunia. Siku ile ile alikwenda nyumbani, akawaeleza ndugu zake habari za wokovu. Na dada zake wakawa miongoni mwa watu wa kwanza walioguswa kwa ushuhuda wake. Halafu akarudi shambani. Kazi iliyokuwa haijakwisha asubuhi aliimaliza, na usiku akasoma.

Kanisa letu hufundisha kwamba Roho Mtakatifu hutolewa kwa njia ya Neno na Sakramenti. Ndivyo tusomavyo katika sura ya tano ya Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Tena Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alieleza kwamba mtu hawezi kumwamini Kristo kwa nguvu zake, bali Roho ndiye amwitaye kwa Injili na kumtia nuru. Basi yaliyompata Hauge hayakuwa nje ya mafundisho haya. Neno lilikuwa ndani yake tangu utoto, naye alikuwa na ubatizo wake. Siku ile shambani Roho aliliwasha lile Neno, kama mtu apuliziaye kaa lililofunikwa na majivu. Kaa halikuwa geni, bali moto ulionekana.

3. Sheria ya mwaka 1741

Siku zile Norwei ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Kanisa lilikuwa Kanisa la Serikali, na wachungaji walikuwa watumishi wa mfalme. Tarehe 13 Januari 1741 ilitolewa amri kwamba watu wasikusanyike kwa ibada majumbani bila ruhusa ya mchungaji wa mahali hapo. Wala mtu asiyekuwa mchungaji asizunguke nchi akihubiri.

Amri ile haikuwekwa kwa nia mbaya yote. Wakuu waliogopa walimu wa uongo, watu wanaotangatanga wakisema wametumwa na Mungu, kumbe wanatafuta chakula na sifa. Hofu hiyo twaijua hata sisi. Lakini ilipofika miaka ya Hauge, wachungaji wengi wa Norwei walikuwa wamepoa. Walihubiri juu ya adabu njema, na kilimo, na akili ya binadamu, na wengine hawakutaja sana msalaba wa Kristo. Wakulima walikaa kanisani wakasikia, wakarudi nyumbani na njaa ile ile.

Basi Hauge akawa kati ya mambo mawili. Upande mmoja palikuwa na sheria ya mfalme, naye alifundishwa tangu utoto kuwatii wenye mamlaka. Upande wa pili palikuwa na amri iliyo moyoni mwake, na jirani zake waliokuwa wakifa bila tumaini. Hakuchukua neno hili kwa wepesi. Alisoma Maandiko, akaona ya kuwa mitume nao walikatazwa kusema, na kwamba kila Mkristo amepewa wajibu wa kumwonya na kumfariji mwenzake. Mwishowe akaanza kusema.

4. Safari zake

Mwaka ule ule wa 1796 akaandika kitabu chake cha kwanza, juu ya upumbavu wa ulimwengu, akaenda kukichapisha katika mji mkuu. Siku zile mji ule uliitwa Christiania, na tangu mwaka 1925 waitwa Oslo. Halafu akaanza kutembea. Alikwenda kwa miguu, wakati wa baridi akivuka theluji, kutoka usharika hata usharika, akiingia katika nyumba za wakulima na kusema nao jikoni na uani. Alipokuwa njiani, mikono yake haikukaa bure: alifuma soksi akitembea, akawapa watu. Alipofika mahali na kukuta watu wakivuna, alivuna pamoja nao, na jioni alisema nao habari za Mungu.

Kati ya mwaka 1796 na 1804 alipita karibu nchi yote ya Norwei, toka kusini hata upande wa Tromsø kaskazini, na tena akafika Denmark. Wako waliokadiria kwamba njia alizotembea zilipata kilomita 15,000. Vitabu vyake vipatavyo thelathini vilichapishwa na kuenea sana. Hesabu ya watu ya mwaka 1801 ilionyesha kwamba Norwei ina watu karibu 883,000 tu. Lakini yakadiriwa kwamba vitabu vya Hauge vilivyotoka vilizidi laki mbili. Wakulima wengi ambao hapo kwanza hawakuwa na vitabu ila Biblia, Katekisimo na kitabu cha nyimbo, sasa walisoma maneno yaliyoandikwa na mkulima mwenzao. Na kwa sababu walitaka kuandikiana barua na kushauriana, wengi wakajizoeza kuandika.

Wala hakuwa peke yake. Kila alipopita walibaki watu waliokusanya jirani zao na kusoma Neno: wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Miongoni mwao alikuwako mwanamke kijana, Sara Oust, aliyezaliwa mwaka 1778, ambaye aliamshwa kwa mahubiri ya Hauge, naye akawa mhubiri mwenye kusikilizwa na wengi. Watu walistaajabu, lakini Hauge aliona kwamba nabii Yoeli alikwisha kusema Roho atamiminwa juu ya wana na binti, na kwamba mtume Petro alilikumbusha neno hilo siku ya Pentekoste (Matendo ya Mitume 2).

5. Mikono na moyo

Wengine hudhani kwamba mtu aliyejazwa Roho huacha kazi za dunia, akakaa kuomba tu. Hauge hakufundisha hivyo. Kwake uvivu ulikuwa dhambi, na kipawa cha kazi kilikuwa amana ya Mungu. Alipoona mahali penye mto wenye nguvu, aliwashauri ndugu wajenge kinu. Alipoona samaki wengi kaskazini na watu hawana chombo cha kuwasafirisha, alitafuta merikebu. Mwaka 1801 alipata ruhusa ya kufanya biashara katika mji wa Bergen, akanunua na kuuza nafaka na samaki. Na huko Eiker yeye na rafiki zake walijenga kiwanda cha karatasi. Aliwasaidia vijana maskini kupata mashamba na kazi, akiwaambia waweke hesabu zao sawasawa, walipe madeni yao, wasinywe ulevi, wasidanganye katika mizani.

Kwa hiyo watu waliomjia Hauge hawakujulikana kwa maneno yao tu. Katika soko walijulikana kwa uaminifu. Hata adui zao walipenda kununua kwao, kwa maana walijua kipimo chao ni kamili. Mtume Paulo, alipoandika habari za tunda la Roho (Wagalatia 5), hakutaja jambo lolote la kushangaza macho. Alitaja upendo, furaha, amani, uvumilivu, na kadhalika, yaani mambo yaonekanayo jikoni, shambani, na dukani. Kwa kipimo hicho wakulima hawa wangeweza kupimwa.

6. Kifungo

Hata hivyo wakuu hawakutulia. Mara ya kwanza alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1797 huko Fredrikstad, akafungwa kwa muda, akafunguliwa. Akakamatwa tena na tena. Mjini Trondheim alifungwa pamoja na wahalifu katika majira ya baridi ya mwaka 1799 na 1800. Kila alipofunguliwa aliendelea.

Mashtaka yalizidi. Wengine walisema awapotosha watu wa kawaida, na ya kuwa wengine wamerukwa na akili kwa kumsikiliza. Wengine walisema akusanya mali za wajinga kuwa zake. Askofu mmoja alipeleka habari hizi kwa serikali huko Copenhagen. Ndipo amri ikaja ya kumkamata na kuchunguza mambo yake yote. Akakamatwa huko Eiker mwezi wa Oktoba mwaka 1804, akapelekwa Christiania, akatiwa gerezani. Mali yake ikashikwa na vitabu vyake vikakusanywa.

Tume ikawekwa kuchunguza. Mashahidi wakaulizwa pande zote za nchi, mamia ya watu, na miaka ikapita. Mtu aliyezoea upepo wa milimani akakaa katika chumba kidogo chenye unyevu. Kwa muda rafiki zake hawakuruhusiwa kumwona. Afya yake ikavunjika, meno yake yakamtoka, nguvu za mwili zikampungukia. Tena moyo wake ulijaribiwa. Ile furaha ya shambani haikuwako kila siku. Palikuwa na siku za giza na za shaka.

Hapa ndipo lilipojibiwa lile swali letu la pili. Kama kipawa cha Roho kingalikuwa furaha tu ya moyo, Hauge angalikuwa amekipoteza gerezani. Lakini hakumkana Bwana wake, wala hakuwalaani waliomfunga. Husimuliwa kwamba rafiki waliotoka mbali walisimama nje ya gereza usiku, wasipate ruhusa ya kuingia. Hauge hakuweza kusema nao. Basi akauchukua mshumaa wake, akaukata utambi dirishani ili uwake kwa nguvu zaidi, nao wakaelewa: imani yake ilikuwa bado inawaka. Wakarudi makwao wakishukuru.

Mwaka 1809 jambo la ajabu likatokea. Kulikuwa na vita, na merikebu za Uingereza zilizuia bahari, hata nafaka na chumvi hazikufika Norwei. Pasipo chumvi, samaki na nyama haviwezi kuwekwa akiba, na nchi ilikuwa katika njaa. Wakuu wakatafuta mtu ajuaye kuchemsha maji ya bahari na kupata chumvi, mwenye kuaminiwa na watu wa pwani. Wakamkumbuka mfungwa wao. Wakamtoa gerezani kwa muda, akazunguka pwani akianzisha mahali pa kuchemshia chumvi na kuwafundisha watu. Angeweza kukimbia. Angeweza hata kukataa, akisema: mlionifunga, jitafutieni chumvi yenu wenyewe. Hakufanya hivyo. Kazi ilipokwisha, alirudi gerezani.

7. Hukumu na miaka ya mwisho

Mwaka 1811 aliruhusiwa kutoka, ingawa kesi ilikuwa haijakwisha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, lakini mwili wake ulikuwa kama wa mzee. Mwezi wa Desemba mwaka 1813 akahukumiwa kazi ngumu ya miaka miwili. Akakata rufani, na mwezi wa Desemba mwaka 1814 mahakama ya juu ikaibadili hukumu iwe faini ya riksdaler 1,000 na gharama za kesi. Yale mashtaka makubwa, ya kuwa amewadanganya watu na kuwaibia, hayakuthibitika. Alionekana na hatia kwa kuivunja ile amri ya mwaka 1741, na kwa maneno makali aliyoyaandika juu ya wachungaji.

Katika neno hili la mwisho tusimtetee kupita kiasi. Kweli alipokuwa kijana aliandika kwa ukali mno, akawahesabu wachungaji wengi kuwa watumishi wa mshahara tu. Alipokuwa mtu mzima alilijua kosa hili, naye akasema kwa upole zaidi. Roho hutakasa polepole, hata katika watumishi wake wakubwa, na hasira ya kijana yaweza kujificha chini ya bidii njema.

Mwaka 1815 alimwoa Andrea Nyhus. Furaha ile haikudumu. Mwaka ule ule Andrea alijifungua mtoto wa kiume, naye akafariki. Mtoto, Andreas, aliishi, na baadaye akawa mchungaji katika Kanisa lile lile lililomfunga baba yake. Mwaka 1817 Hauge akamwoa Ingeborg Marie Olsdatter. Wakapata watoto watatu, na wote watatu wakafa wadogo. Hauge akakaa katika shamba la Bredtveit, karibu na Christiania, akilima, akiandika, na kupokea wageni. Hata maaskofu na wachungaji wakamjia sasa, wakizungumza naye kwa heshima.

Karibu na mwisho wa maisha yake akaandika wosia kwa rafiki zake. Wengi waliogopa kwamba baada ya kufa kwake watu wake watajitenga na kuanzisha kanisa lao. Wangeweza, maana walikuwa wengi, wenye mali, na wenye kinyongo cha haki. Lakini Hauge akawaagiza wasijitenge. Waende kanisani, wapokee Sakramenti kwa mikono ya wachungaji, wafuate mafundisho ya Kanisa la Kilutheri, na wazee wenye busara walinde ili mafundisho ya ajabu yasiingie kati yao. Yeye mwenyewe hakujitwalia kazi ya mchungaji ya kubatiza wala kutoa Chakula cha Bwana.

Akafariki Bredtveit tarehe 29 Machi 1824, siku tano kabla ya kutimiza miaka hamsini na mitatu. Akazikwa karibu na kanisa la kale la Aker, mjini Christiania.

8. Yaliyofuata

Norwei ilipopata Katiba yake huko Eidsvoll mwaka 1814, miongoni mwa wajumbe walikuwako watu watatu wa uamsho wa Hauge. Mwaka 1842 ile amri ya 1741 ikafutwa, na tangu hapo mtu asiye mchungaji aliweza kushuhudia bila kuogopa gereza. Mwaka ule ule wa 1842, mjini Stavanger, Wakristo wa uamsho pamoja na wengine walianzisha Chama cha Misioni cha Norwei. Wajumbe wake walikwenda kwa Wazulu tangu mwaka 1844, na Madagascar tangu mwaka 1866, na Kanisa la Kilutheri la Madagascar ni tunda la kazi ile. Wengine wa uamsho walihamia Marekani, wakaanzisha sharika huko.

Wala sisi hatuko mbali na habari hizi. Misioni ya Kilutheri ya Norwei, iliyoanzishwa Bergen mwaka 1891 kwa ajili ya China, ilikuwa kazi ya wakulima na wavuvi na akina mama, walioshika ule urithi wa kwamba kila Mkristo ni shahidi. Milango ya China ilipofungwa, watumishi wake walifika hata nchi ya Mbulu, na mwaka 1955 hospitali ya Haydom ikafunguliwa. Hivyo moto uliowaka katika shamba moja karibu na Glomma ulifika hata Tanganyika.

9. Neno kwa wasomaji

Ndugu mwalimu, na wewe mzee wa usharika, labda umepata kudharauliwa kwa sababu hukusoma chuo cha uchungaji. Usikate tamaa. Roho Mtakatifu haulizi cheti. Ulimpokea katika ubatizo wako, na kila usomapo Neno yuko tayari kuliwasha. Walakini kumbuka kwamba Hauge hakuifanya siku yake ya furaha kuwa sheria kwa watu wote. Wako wanaoamshwa kwa ghafula kama yeye, na wako wanaokua polepole, kama mahindi yanayoota usiku wala mkulima hajui. Asiyeweza kutaja siku yake asihukumiwe.

Tena, akija mtu usharikani mwako akisema amejazwa Roho, usimfukuze mara moja, wala usimfuate mara moja. Mtume Yohana atuagiza kuzijaribu roho (1 Yohana 4). Mwangalie kama alishika Neno, au atafuta mafunuo mengine. Mwangalie kama amwonyesha Kristo, au ajionyesha mwenyewe. Angalia mizani yake sokoni, na maneno yake nyumbani kwa mke wake. Angalia kama alipenda Kanisa hata linapomwumiza, au alitafuta watu wake mwenyewe. Na angalia siku ya giza, furaha ikimwacha, kama atasimama. Mambo haya hayajulikani kwa siku moja. Wachungaji wa siku za Hauge walikata shauri upesi, wakamfunga mtumishi wa Bwana. Na tuwaombee wakuu wa sharika zetu wawe na subira kuliko wale.

Basi tumwombe Baba, aliye tayari kuwapa Roho wake watoto wake wamwombao, aliwashe Neno lake katika mashamba yetu na madukani mwetu, katika madarasa ya Kipaimara na katika nyumba za wagonjwa. Na kama utambi umefifia kwa mtu ye yote miongoni mwetu, aukate kwa mkono wake mwenyewe, upate kuwaka tena.